Jiwe na Udongo Katika Redio ya Zahanati

Miaka ile ya tisini mzee wangu, baba wa watoto wangu, alikuwa fundi wa redio mjini Migori, na mimi nilikaanga mandazi mlangoni pa kibanda chake. Shule niliachia darasa la tatu. Nilichojua juu ya vitu vya stima nilikipata kwa kumsikiliza akiongea peke yake huku ameinama. Majina ya wote walioingia pale ninayo kichwani hadi leo, hata ya wanunuzi wa betri, lakini sitayaandika. Wengine wamelala, na wengine hawangependa.

Redio ninayosimulia ililetwa na sista wa zahanati moja upande wa Osiri, kule kwa wachimba dhahabu. Ilikuwa redio kol, ile unayobonyeza ukasema, ukaachia ukangoja jibu. Simu haikuwako kule. Mgonjwa akizidiwa, sista aliita hospitali iliyoko upande wa Homa Bay, nao wakatuma gari. Sasa redio ilikuwa kimya kama kaburi, na binti yetu wa kwanza alikuwa ameolewa karibu na zahanati hiyo, mimba yake imekomaa.

Mzee aliifungua akakuta kristali imekufa. Alinieleza, kwa sababu nilimuuliza. Ndani ya redio kuna kitu kidogo kinachotetemeka kwa mwendo mmoja bila kuchoka, na redio nzima hufuata mwendo huo, kama wachezaji wanavyomfuata mpiga ngoma. Cha redio ile kilikuwa jiwe jembamba linalong'aa, limekatwa kwa kipimo likafungiwa kwenye kijikopo cha bati chenye miguu miwili. Jiwe halibabaishwi na jua wala baridi. Lakini jiwe la kipimo kile lilipaswa kuagizwa mbali, na mfanyabiashara Mwislamu aliyemletea vipuri kutoka Nairobi alisema tungoje wiki nyingi. Alichokuwa nacho ni kile cha udongo uliochomwa, cha rangi ya machungwa, kinachowekwa kwenye rimoti na vitu vya watoto.

Mzee alikiweka kiganjani, akakitazama muda mrefu.

"Nyar Asumbi," aliniita hivyo siku zote, kwa kwetu nilikozaliwa, "hiki ni rahisi kukivuta mpaka kipimo ninachotaka. Lakini kinachovutika kwa urahisi hutoroka kwa urahisi. Kikipata joto kitahama."

"Na ukiacha kuweka?"

"Mtoto wako atazalia penye redio bubu."

Akakiweka. Alibadilisha na kapasita mbili za pembeni ili kisimame vizuri, kisha asubuhi moja ya baridi akakaza skrubu kidogo kidogo huku redio yake nyingine ikisikiliza, mpaka sauti mbili zikawa moja. Akamwambia sista, weka mahali pa baridi. Sista akaitikia ndiyo. Mzee hakuuliza huwa inakaa wapi.

Mtu wa nje atauliza kwa nini binti hakuja kuzalia kwetu Migori, kwenye barabara ya lami. Kwetu binti aliyeolewa hazalii kwa wazazi wake, ni mwiko. Na mimi mama mkwe siwezi kulala kwa mkwe wangu, huo ni mwiko mwingine. Basi nilikwenda nikapewa kitanda kwenye nyumba ya sista, ubavuni mwa zahanati. Siku niliyofika niliona redio. Ilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, mkono mmoja tu kutoka kwa mabati, kwa sababu mbuzi walizoea kuingia kutafuna nyaya.

Asubuhi ilisema vizuri. Jua lilipopanda, watu wa hospitali walianza kusikika kama bata. Baadaye hata bata walinyamaza, ikabaki mvumo tu, na mabati juu yetu yakilia ta, ta, yakitanuka.

Nikamwambia sista tuiteremshe. Akasema waya wa erio, ule wa kunasa sauti, umepigiliwa paani, haufiki chini, na jioni sauti hurudi.

"Mathe, wagonjwa wangu wengi hupelekwa hospitali asubuhi," akasema akicheka. Mimi sikucheka. Tangu hapo kila nilipoamka nilitazama mbingu kwanza, nikiomba mawingu, na mbingu ilikuwa nyeupe kabisa.

Binti yangu alishikwa na uchungu asubuhi, kidogo kidogo tu, sista akasema bado sana. Kufikia saa nane damu ilikuwa inatoka bila mtoto kutoka. Sista aliosha mikono akakimbilia redio. Akaita. Akaachia kitufe, tukasikiliza. Mvumo. Akaita tena kwa sauti ya juu, kana kwamba hospitali ilikuwa ng'ambo ya ua.

Nilipanda kwenye kiti nikagusa lile sanduku. Lilikuwa kama sufuria. Ndipo sista aling'oa misumari ya waya kwa mikono yake, tukaishusha redio mpaka kwenye sakafu ya saruji, akaifungua kifuniko. Nikataka kuleta maji, akanizuia, maji yangeiua. Akanipa ungo.

"Pepea, mathe. Usiache." Akarudi kwa binti yangu.

Nilipiga magoti nikapepea. Mlango ulikuwa wazi katikati yetu. Mtoto wangu alikuwa akiniita, mama, mama, kama alipokuwa mdogo akiota vibaya, nami nilikuwa nimempa mgongo, nikipepea kipande cha udongo kisichozidi punje ya hindi. Mvumo ulikaa palepale. Kisha mbali kabisa bata akasema kitu. Nikazidi. Bata akawa mtu aliyezibwa pua, halafu mtu kabisa, mwanamume, akiuliza nani anaita. Nikapiga kelele kumwita sista.

Gari lilifika jua likiwa limeinama. Mtoto alitolewa tumboni kule hospitalini, na hakulia. Binti alibaki hai.

Mzee alikuja siku ya pili na mkebe wa uji. Binti alikuwa amefumbua macho, midomo imempasuka.

"Mama, nilikuita."

"Nilikusikia."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kumdanganya, alikuwa dhaifu. Nikamwambia nilikuwa naipepea redio ipate baridi, isikike.

"Ikapoa?"

"Ilipoa."

"Lakini pole pole," akasema, akaugeukia ukuta.

Mzee alikuwa bado amesimama mlangoni. Aliuweka mkebe chini taratibu, akatoka nje, na nilimwona dirishani amekaa juani bila kofia. Uji ulipoa pale sakafuni, hakuna aliyeunywa.