Rangi za Nkunga

Binti yangu aliwaletea wanawe kitabu cha kupaka rangi kutoka Makutano: farasi wenye pembe moja, nguva, majoka ya kutema moto. Tulikuwa kwa mama yangu, karibu na Nkubu, mvua imetufungia barazani. Kufikia saa tisa wajukuu walikuwa wamemaliza kurasa zote, pamoja na kipande cha ukuta. Mdogo, wa miaka mitano, akataka nimchoree nkunga.

Nkunga ni nyoka wetu wa majini. Wazee walisema hukaa kwenye vidimbwi vya mto, na upinde wa mvua ni pumzi yake ikipanda. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini. Nimeeleza habari za jua na matone ya maji mpaka koo likanikauka. Lakini upinde ukitokea, mimi hufunga dirisha. Naogopa, na sioni haya kusema.

Nikachora. Wakampaka nyekundu, kijani na zambarau, wakinyang'anyana krayoni ya njano. Kisha yule mkubwa akachora mtoto ndani ya tumbo la nyoka.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Si ni dada yako! Nyanya mkubwa alituambia nkunga alimmeza."

Mama alikuwa nyuma yetu, akichagua maharagwe. Hakuinua kichwa.

Nilikuwa na miaka minane, Uhuru ukiwa bado mchanga, na mdogo wangu alikuwa na minne. Tulitumwa maji, nikaambiwa nisimwachilie mkono. Nilimwachilia, nikapanda mpera. Niliposikia kishindo majini nikageuka, nikaona kiganja chake, kisha sikukiona tena. Nikakimbia nyumbani, na njiani nilichofikiria ni fimbo. Aliyechukuliwa na nkunga hakuna wa kulaumiwa. Nikasema nimemwona nkunga.

Sikujua nilichokuwa nikifanya. Aliyeshikwa na nkunga hafuatwi majini kabla ya mbuzi kuchinjwa, la sivyo nkunga huchukua na wa pili. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili aliyakemea mambo hayo. Siku hiyo alisimama ukingoni na mama na majirani, wakingoja mbuzi. Mbuzi alichelewa. Walipoingia hatimaye, walimkuta pale pale, kando ya jiwe la kufulia, maji yakiwafika kifuani.

"Nyanya, ulimwona akimezwa?" mdogo akauliza. "Alianza na miguu?"

Kwa zaidi ya miaka hamsini jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikamtazama yule mtoto wa tumboni mwa nkunga, walikuwa wamempaka sketi ya njano, nikachoka kabisa na uongo wangu.

"Hapana," nikasema. "Hakukuwa na nkunga. Aliteleza. Niliogopa kuchapwa, nikadanganya."

Watoto walisikitika kidogo tu, wakarudi kwenye rangi zao. Mama alikuwa ameacha kuchagua maharagwe. Nilitamani anitukane, anirushie hata ungo. Akauweka ungo chini. Kisha akazungumza, kwa Kimeru, kwa sauti yake ya kila siku.

"Baba yako alijua kuogelea," akasema. "Alitaka kuingia. Mimi ndiye niliyemshika koti."