Fundi wa Kompyuta na Jina Lililofutwa

Fundi wa kompyuta wa ushirika wetu hapa Chanji hufuta vidole kwenye suruali kabla ya kugusa kibodi. Akifunga mfumo mpya wa majina ya wakulima, hukaa muda mrefu kwenye ukurasa mmoja, ule wa kuchagua mfumo uweke kumbukumbu ya mambo gani. "Ukiandika kila kitu, diski inajaa na hakuna atakayesoma," huniambia polepole. "Usipoandika, siku ya ugomvi huna shahidi." Basi anayesoma tu haandikwi, anayebadili au kufuta huandikwa jina, siku na saa.

Jumanne alikuja Mama Bertilla wa Ilemba. Hakuwemo kwenye orodha ya mbolea, na mvua zimekaribia. "Wanangu, mimi nimekufa lini?" akauliza. Sisi makarani tukamwita fundi. Akafuta vidole, akafungua kumbukumbu, akatusomea kwa sauti ile ile siku, saa na jina la aliyefuta. Lilikuwa lake yeye fundi. Ilemba ina Bertilla wawili, naye alidhani ni mmoja aliyeandikwa mara mbili. Akamrudisha orodhani, akamwomba radhi. Kisha akafungua ule ukurasa wake wa kuchagua kumbukumbu. Nikasogea nione atabadili nini. Akausoma hadi mwisho, akaufunga kama ulivyokuwa.