Kumtembeza Mkwe Mohoro

Mimi sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Asubuhi ile tulipopita Ikwiriri kwenda Mohoro, nilimhimiza dereva mara tatu kabla hatujaziacha nyumba za mwisho. Mto ulikuwa unajaa. Mafuriko yaliyotangulia yalifika kwenye madirisha ya nyumba ya mama, na safari hii watu walisema kufikia alasiri barabara itakuwa imekatika. Nilikuwa nakwenda kumhamisha, nimlete kwangu Kibiti. Kwenye simu alikuwa amekubali, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana.

Nilikuwa na mke wangu. Yeye ni mzaliwa wa Iringa, na tulioana hukohuko, harakaharaka kama mambo yangu yote, bila mama kuwepo. Mohoro alikuwa hajakanyaga. Basi njia nzima nikamjaza historia: kwamba ule ni mji mkongwe, kwamba palikuwa na maduka ya Wahindi na boma la Wajerumani, kwamba mpunga wa bonde lote ulipitia pale. Nilisema kifua mbele, utadhani boma nililijenga mimi.

Tulipofika nikamwambia dereva asimame bomani kwanza. Dakika tano tu. Nikampiga mke wangu picha kwenye kuta kuukuu, akicheka, na kitenge chake cha bluu. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo zao wakatutazama, wakaenda zao.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mama tulimkuta kakaa barazani juu ya mizigo iliyokwisha fungwa. Tulimwamkia. Mama alimwitikia mke wangu vizuri, akamshika mikono, kisha akanigeukia mimi.

"Nimeambiwa na watu wanne kwamba mkwe wangu yuko bomani anapigwa picha. Mimi mwenye mkwe nimekuwa wa tano kujua."

"Mama, tulipita tu."

"Mke hapitishwi mjini kama mzigo wa kuni. Siondoki mpaka nimtembeze."

Nilijua ana haki, na hilo ndilo lililonikera. Kwetu mwanamke aliyeolewa anafikia kwa mkwewe kwanza, halafu mkwewe anamshika mkono nyumba kwa nyumba, anamtaja yeye nani, anaketi, anakaribishwa. Bila hivyo anabaki kuwa mpita njia.

"Maji yanakuja, mama."

"Maji nayajua kabla sijakujua wewe."

Wakaondoka. Mimi nyuma, natazama saa, natazama mto, natazama saa tena. Nyumba ya kwanza tulikaa mpaka chai ikachemka. "Hapa ndipo nilipokimbilia uchungu wa kumzaa mumeo uliponishika," mama alisema. "Walikuwa wanapika, chakula kikaungua chote." Ya pili alikuwepo bibi mmoja macho yamefifia. Akampapasa mke wangu uso, akamwombea dua ndefu, kisha akauliza, "Na huyu mwanamume anayehangaika mlangoni, ndiye dereva?"

"Ndiye mumewe," mama akasema.

Wakacheka wote, mke wangu zaidi yao. Mimi sikucheka. Nimekulia nyumba ya nne kutoka pale.

Ya tatu ilikuwa imefungwa. Mama alipiga hodi, akangoja. Akapiga ya pili, akangoja vilevile, na mimi roho juu. Baada ya hodi ya tatu akamwambia mke wangu, "Wenyewe hawapo, wamehama. Hapa alikuwa akikaa mwanamke aliyenifundisha kusuka mikeka. Twende." Nikashindwa kujizuia. Nikauliza kwa ukali kwa nini tunabisha hodi kwenye nyumba tupu na barabara inazama. Mama akashika njia ya nyumba iliyofuata. Mke wangu ndiye aliyenitazama, na jicho lile ninalo mpaka leo.

Basi nikawaacha. Nikarudi nyumbani, nikapakia mizigo yote garini, huku dereva akilalamika kwamba tukichelewa kidogo tu hatoki mtu. Likabaki godoro. Nilikuwa nimelikunja, nimelikumbatia katikati ya chumba kitupu, niliposikia miguu yao barazani.

"Hodi," mama akasema.

Nikadhani ananitania. Mlango wenyewe ulikuwa wazi, naviona vivuli vyao sakafuni. Akangoja kama alivyongoja kule.

"Hodi."

Nikaelewa. Nilitaka kuitikia karibu, neno nililolisema mlangoni pale tangu nilipojua kusema. Nilitaka aingie, akae, amwambie mke wangu habari za nyumba hii mpaka usiku, barabara ikatike ikitaka. Badala yake nikauzika uso kwenye godoro.

"Hodi."

Kisha nikamsikia akimwambia mke wangu kwa sauti ileile aliyoitumia nyumba zote:

"Wenyewe hawapo, wamehama. Hapa alikuwa akikaa mama mkwe wako. Twende, mwanangu."

Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa na kufungwa. Mimi nilikuwa bado nimesimama na godoro langu. Dereva akapiga honi, akapiga tena, halafu nikamsikia mke wangu akimwomba aniache kidogo.