Fundi wa Ukutani

Tangu mumewe azikwe, Mama Fundi alikuwa akiingia dukani kwa mlango wa uani. Alikanyaga maji machafu, akainama chini ya kamba za nguo za wapangaji, mradi tu asikutane uso kwa uso na yule mwanamke wa ukutani.

Mwanamke huyo alikuwa yeye mwenyewe. Marehemu, Mola amrehemu, alikuwa mchora mabango. Walipooana, mkewe hata kola aliishona ikaenda upande. Lakini mume alimchora ukuta mzima wa mbele: mgongo wima, futi ya kupimia shingoni, macho ya mtu asiyeharibu kitambaa cha watu.

"Huyu nani sasa?" bibi arusi aliuliza.

"Wewe. Umechelewa kidogo tu."

Wateja wakaja kumtafuta fundi wa pichani. Angewaambia nini? Akajifungia na cherehani, akashona, akafumua, akashona tena. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kufuli, alimtazama yule mwanamke na kunyoosha mgongo, maana aliona aibu kushindwa na rangi. Miaka ikaenda, wakafanana. Kila mwaka mume alimrudishia rangi, na kila mwaka alikataa kumwongezea mvi. "Mvi ni kazi ya Mungu," alisema. "Mimi nafanya yangu."

Sasa mwenye nyumba alitaka maduka yote yawe meupe. Kijana mpaka rangi alifika na ndoo zake, akamkuta Mama Fundi nyuma ya cherehani, amejikunja kama nguo iliyotoka kukamuliwa.

"Mama, nimeambiwa ukuta wote. Lakini ukisema nikuache, nakuacha. Nitamwambia mwenye nyumba rangi iliisha."

"Useme uongo kwa ajili ya picha?"

"Picha gani? Mimi naona kama nimetumwa nimpake chokaa mama wa watu!"

Mama Fundi akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Akatoka kutazama. Rangi ilikuwa imeanza kubanduka kidevuni.

"Paka, mwanangu," alisema. "Aliyejua kukitengeneza kidevu hiki ameshakwenda. Sitaki kumwona huyu naye akiisha kidogo kidogo. Nimeuguza mmoja, inatosha."

Kesho yake hapakuwa tena na sababu ya kupitia uani. Alikuja kwa mbele, miguu mizito, macho chini. Ukuta ulikuwa mweupe pee. Akapeleka mkono kwenye kufuli, na hapo mgongo ukanyooka wenyewe.

Akasimama hivyo kitambo, kama mtu aliyeguswa bega na anayemfahamu.

"Mama Fundi!" jirani aliita. "Leo mbele?"

"Mbele, mwenzangu. Nitafanyaje?"

Akaingia, akavaa futi shingoni. "Ee Mungu, mpumzishe," alinong'ona. Kisha akaivuta kola iliyokuwa ikimngoja.