Julai ya Alfredi na Nyangumi

Alfredi wa mashine ya maji, kule upande wa Makote, hakuwa mtu wa safari. Miaka tisa aliamka alfajiri, akawasha injini ya dizeli, tangi likajaa, na watu wakachota kwenye bomba lililo ubavuni mwa nyumba ya mashine. Masasi alifika kwa nadra, na bahari hakuwahi kuiona. Kwa hiyo mwaka 1993, habari zilipozagaa kwamba Alfredi anakwenda Norwe kuangalia nyangumi, watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini ilikuwa kweli. Mzungu wa mradi wa maji aliyemfundisha kazi, ambaye kijiji kizima kilimwita Bwana Mabomba, aliwahi kumsimulia habari za mnyama wa bahari ya kwao, mkubwa kuliko basi, anayerusha maji juu kupitia kichwani.

"Bila dizeli?" Alfredi aliuliza.

"Bila dizeli."

Tangu siku hiyo hakutulia. Mradi ulipofungwa na Bwana Mabomba akarudi kwao, Alfredi alimwandikia kila Krismasi, na katika kila barua aliulizia nyangumi kama mtu anayeulizia hali ya shemeji yake. Hatimaye jibu likaja: njoo, tiketi nitatuma mimi. Bwana Mabomba alitaka kujua namba ya viatu, maana kwenye boti kuna baridi kali, na kama Alfredi anaweza kukaa majini kutwa bila kutapika. Angejuaje? Akaandika kwamba hatapiki. Swali lililomkaba ni la mwisho: mwezi gani? Januari kule ni giza tupu na bahari imechafuka. Julai jua halizami, na nyangumi wanaonekana wazi.

Julai! Mwezi ambao maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati yanaanza kwisha, na macho ya kijiji yote yapo kwenye mashine. Nani angeiwasha? Hakuna aliyejua, na kosa lilikuwa la Alfredi mwenyewe. Miaka ile watu walikuwa wakipunguzwa kazini kila mahali, naye alijiambia kwamba mtu asiye na wa kumrithi hapunguzwi. Basi kila alipowasha, aliziba dirisha la nyumba ya mashine kwa huo mgongo wake mpana, makusudi, watu wasione anachofanya.

Pa mwezi akapaacha wazi, barua akaitia mfukoni. Alimwachia mkewe Emilia ufunguo, akaenda kwanza Masasi kupiga picha za pasipoti, akiazimia kurudi siku ileile. Mpiga picha aliishiwa karatasi, basi nalo likaharibika, na siku moja ikawa tatu. Alijua atapokewa kwa ndoo tupu na maneno makali.

Akakuta tangi lina maji.

"Mama Silvano aliwasha juzi na jana," Emilia alimwambia. "Yuko kwenye mashine, kamwone."

Mama Silvano, jina lake Veridiana, alikuwa mjumbe wa kamati ya maji na mtu wa kwanza kwenye foleni kila asubuhi. Alfredi alimkuta na grisi mpaka viwikoni, kanga kaifunga kiunoni, anazungusha hendeli huku akiifokea injini: "Amka, mchawi we! Unakunywa dizeli ya bure?" Yalikuwa maneno ya Alfredi, neno kwa neno, hata kikohozi chake cha katikati.

"Shikamoo, Baba Witness," alimsalimu Alfredi akihema.

"Marahaba. Sasa mbona unaitukana?"

"Si ndivyo inavyowashwa? Miaka tisa nipo hapo dirishani. Kiwiko chako nakiona, matusi nayasikia. Sikujua kipi kinaiwasha, nikafanya vyote. Juzi ikawaka, jana ikawaka. Leo imegoma."

Alfredi alifurahi. Niseme ukweli, alifurahi kwa sababu imegoma, na papo hapo aibu ikamshika. Kumbe siku zote hizo hakuwa akiogopa kwamba maji yatakatika akiwa safarini. Aliogopa kwamba hayatakatika.

Ugonjwa wa injini aliujua. Dizeli iliachwa ikaisha kabla ya kuongezwa, upepo ukaingia kwenye mpira unaoipeleka kwenye injini. Kuna nati ndogo ya kulegeza, upepo ukitoka unaikaza, basi. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo siri pekee aliyobaki nayo. Angeweza kumwambia mama wa watu akapumzike. Akachukua spana, akasimama palepale alipozoea kusimama, mgongo dirishani.

Kisha akasogea pembeni.

"Njoo huku, Mama Silvano. Shika wewe."

Veridiana akalegeza nati. Dizeli ikatoka na mapovu, kisha ikatoka safi, akaikaza. Akazungusha hendeli, akatukana, na injini ikanguruma mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye bati.

"Tusi si lazima," Alfredi alisema.

"Nitaendelea nalo. Siwezi kubahatisha na watu wana kiu." Alijifuta mikono kwenye kanga, akamtazama. "Haya, huyo mnyama wako anaonekana mwezi gani?"

"Julai."

"Basi nenda Julai. Ila ukirudi, kabla hujaingia humu upige hodi."

Ilimuuma kidogo. Hata hivyo alitoa ile barua ya jibu mfukoni, akaiweka juu ya pipa la dizeli, akaandika mwezi kwa wino.