Dawa Inayotaka Ninyamaze

Mimi nikae kimya? Mawe! Hapa Izigo wanajua, hata migomba naisalimia nikiwa napalilia. Lakini vidonda vya mdomoni vimenitesa. Kimoja kinapona shavuni, kingine kinaota chini ya ulimi. Ebitoke, ndizi zetu za kupika, nasubiri vipoe, nivimeze kama mtoto asiye na meno. Nguo zinanipwaya.

Nimesukutua chumvi mpaka nimechoka. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akasema nipasue kapsuli, ule unga niumwagie kidonda. Nililia! Kikapanuka. Akachungulia, akasema, "Wifi, hiyo kansa." Usingizi ukaisha. Nikawa nalala macho, nawagawia wanangu shamba kichwani.

Binti yangu wa Rwamishenye akanipeleka hospitali mjini. Daktari, binti mdogo tu, akanimulika.

"Bibi, vinavyopona na kuhama hivi siyo kansa. Ila kimoja kikigoma wiki tatu, usisubiri, rudi."

"Waitu, mwanangu, basi nipe dawa ya kuvimaliza kabisa."

"Hiyo sina. Tutapima damu, labda umepungukiwa kitu. Hii ya maji sukutua, uteme. Hii ya kupaka itatuliza maumivu, kidonda kipone upesi. Ukishapaka, nusu saa usile, usinywe, na usiongee."

Binti yangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Daktari, huyu mchome sindano ya usingizi!"

Nimerudi nyumbani, nimepaka, nimefunga mdomo, wifi huyo mlangoni. Mgeni hapa kwetu anapewa kahawa ya kutafuna, na mwenye nyumba anatangulia kutafuna. Nikamsogezea kikapu. Mimi sikuchukua. Nikamwonyesha mdomo kwa kidole.

"Hutafuni? Umenitilia nini humu?"

Nikatikisa kichwa. Akasimama, anajifunga kitenge aondoke. Ningefanyaje? Nikatafuna. Kahawa ikaingia kidondani, dawa yote ikashuka nayo tumboni, machozi yananitoka, na nikamweleza kila kitu tangu hospitali.

"Si ungesema!" akanifokea.

Kile kilipona, nilipoanza kujifungia chumbani na dawa. Damu ikaonekana imepungua, nameza vidonge. Nikafurahi, nikala ebitoke na maharage ya moto.

Leo asubuhi ulimi umegusa kitu kinakwaruza ndani ya mdomo wa chini. Jamani, kingine. Nimekaa kitandani nimeshika dawa, siipaki. Kwanza niongee, kesho kikishachimbika sijui kama nitaweza.