Baba Apimwe kwa Plau

Wiki ile nilikuwa mdomo wa wazee. Chama chetu cha marubani kilikuwa kinajadili mkataba wa hali bora na mwajiri, na kipengele kimoja kilitugawa sisi wenyewe kabla hata hakijamfikia bosi: umri wa kustaafu. Mkataba ulisema miaka sitini. Sisi wenye mvi tulitaka sitini na mitano. Marubani wasaidizi, vijana wanaokaa kiti cha kulia wakisubiri tustaafu au tufe, walitaka sitini ibaki palepale. Mimi nilikuwa na hamsini na tisa na miezi saba, kwa hiyo nilizungumza kwa uchungu wa kweli.

"Mtu asihukumiwe kwa cheti cha kuzaliwa," nilisema, nikigonga meza. "Apimwe. Akifaulu, aachwe afanye kazi."

Wazee walipiga makofi. Vijana walitazama simu zao. Kikao kikaahirishwa kwa wiki moja, na sijafika hata kwenye gari, dada yangu akapiga simu kutoka nyumbani Mwamapalala.

"Kaka, njoo. Baba amelima shamba la jirani."

"Wamegombana?"

"Hapana, amepitiliza mpaka na ng'ombe wake. Nusu ekari. Jirani alinyamaza mpaka akamaliza, ndipo akaja kumwambia wabeja, asante sana."

Baba ana miaka themanini na kitu, na hicho kitu hakuna anayekijua. Dada ndiye anayeishi naye. Alitaka mzee aachie plau, akanichagua mimi nikamwambie, eti nina uzoefu wa vikao. Nilipanda ndege mpaka Mwanza kama abiria, nikachukua gari la Bariadi, na njia nzima nilikuwa napanga hotuba.

Nilimkuta uani anakagua mnyororo wa plau kwa vidole. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza.

"Baba, umefanya kazi kubwa. Sasa ni wakati wa kupumzika kwa heshima. Wapishe wengine nao washike."

Nilipofunga mdomo ndipo nilipogundua kwamba hayo yalikuwa maneno ya mwajiri wetu anapowaaga wastaafu, neno kwa neno. Mkuki kwa nguruwe.

Baba hakuinua uso. "Krismasi ulikaa hapohapo, ukala kuku wangu, ukasema mtu asihukumiwe kwa miaka, apimwe. Au yule alikuwa ni kuku anaongea?"

Dada aliinama, mabega yakimtikisika.

"Nilisema, Baba."

"Basi kesho nipime. Na wewe ulime, ng'wana wane, mwanangu, tujue kama anayepima anakijua anachopima."

Asubuhi nilianza mimi. Nimewahi kutua na upepo wa ubavuni uliowafanya abiria wasali kwa dini zote, lakini maksai wawili walinishinda kabla ya hatua ishirini. Plau iliruka, ikazama, ikaruka tena. Mstari wangu ulipinda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha Baba akashika. Alipiga mluzi, akawaita ng'ombe kwa sauti ya chini, na wakaenda. Mstari ulinyooka hata nikaona wivu. Nikakubali yaishe, nikamwacha Dada tulipoanzia, nikaenda kusimama mwisho wa shamba, kwenye mpaka, nimpe ushindi wake.

Ng'ombe walikuja mpaka pua zao zikakaribia kugusa shati langu, wakasimama. Baba akawakemea. Akachungulia mbele, akanitazama usoni.

"Mbona wamesimama? Kuna nini hapo?"

"Ni mimi, Baba."

Akanyoosha mkono kuelekea sauti yangu.

"Huoni?" nikauliza.

"Naona mwanga. Wanaoona ni ng'ombe. Wa kushoto anaujua mpaka tangu ndama. Huyu wa kulia mgeni, ndiye aliyenipeleka kwa jirani."

Iliniuma sana, na bado nilitaka kucheka, maana hata huku lawama ilikuwa imeangukia kiti cha kulia.

"Tangu lini?"

"Tangu pamba ya mwaka juzi. Usimwambie dada yako. Nikiachia plau, nitaamka asubuhi nifanye nini?"

Tulijadiliana palepale, tumesimama kwenye udongo mbichi. Dada ataambiwa, na atashika plau yeye. Baba atatembea kando akiwaamrisha ng'ombe, kwa kuwa wanamsikia yeye tu. Kesho nitampeleka hospitali Bariadi akaangaliwe macho. Naye akaongeza sharti lake moja, kwamba neno kustaafu lisitamkwe uani kwake. Nikakubali.

"Na wewe?" akauliza tukirudi, mkono wake begani mwangu. "Huko wanakupima macho?"

"Kila miezi sita."

"Unaona?"

"Naona," nilijibu, haraka mno.

Sikumwambia habari za benchi. Sisi wazee tukienda kupimwa hukaa pamoja nje ya chumba cha daktari, na anayetoka humnong'oneza anayeingia herufi za mstari wa chini kabisa. Mara mbili zilizopita niliusoma mstari ule vizuri sana. Sikuuona.

Kikao kiliporudi niligonga meza tena, nikasema yaleyale, kwamba mtu apimwe. Wazee wakapiga makofi. Kesho yake nilifika kwa daktari mlango haujafunguliwa, nikakaa wa kwanza kwenye benchi, kabla hajatoka mtu yeyote wa kuninong'oneza.